Somo la Afya: Mahali Dhaifu pa Kansa ya Damu

Leo tutasoma juu ya kansa ya damu.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kila chembe ya damu huzaliwa ikiwa na maagizo yake, yaitwayo jeni. Maagizo hayo hupangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Yakiharibika, chembe nyeupe huzaana bila kukoma. Hiyo ndiyo kansa ya damu. Si uchawi, wala haiambukizi.

Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Marekani, Bwana Peter Nowell na Bwana David Hungerford waliona kromosomu moja fupi mno kwa wagonjwa wa aina moja ya kansa hii. Mwaka 1973 Bibi Janet Rowley akaeleza sababu: vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali. Pale vilipoungana pametokea jeni mpya, nayo huamrisha chembe izaane usiku na mchana. Basi adui akajulikana. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu vidonge vya imatinibu, vinavyozuia kazi ya jeni hiyo. Zamani wengi walikufa baada ya miaka michache. Sasa wengi wanaomeza kila siku huishi miaka mingi. Wagonjwa wa Tanzania wamepewa vidonge hivyo kwa msaada, bila malipo, huko Ocean Road, Dar es Salaam.

Lakini kansa za damu ni nyingi, na nyingine ni kali zaidi. Udhaifu wake utajulikanaje? Fikirini plau. Fundi hutoa boliti moja, hujaribu kulima, huirudisha, hutoa nyingine. Anatafuta boliti ambayo ikitoka, plau ya adui hukwama, lakini ya kwako huendelea kulima. Mwaka 2016 wataalamu wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walikata jeni moja moja katika chembe za kansa kali. Wakapata karibu 500 ambazo chembe hizo zinazitegemea. Kupata dawa ya kila moja ni kazi nyingine, tena ndefu.

Bandama ikivimba siku nyingi, sisi husema ni malaria. Pengine ni kweli. Hata hivyo damu ipimwe. Na daktari akikuandikia barua ya Bugando, nenda upesi.

Maswali ya darasani:
1. Damu hutengenezwa wapi?
2. Kwa nini fundi hutoa boliti moja tu kwa mara moja?