Dawa ya kuinua titani: inashika nini, inaacha nini?

Wandugu wanafunzi, tukisikia titani tunawaza ndege. Kumbe sehemu kubwa yake inaishia mu rangi: ile poda nyeupe ya rangi ya kuta, karatasi na plastiki. Leo nataka nieleze kazi isiyoonekana sana, ya kutafuta dawa ya kuitenga na mawe.

Twende Panzhihua, jimbo la Sichuan, Uchina. Mawe yao yana chuma na titani pamoja. Sumaku inatoa kwanza magnetiti. Titani inabaki ndani ya ilmeniti (FeTiO3), imechanganyika na mawe ya bure. Chembe kubwa zinatengwa kwa uzito na sumaku, lakini zile ndogo kama unga zinasumbua. Hapo inaingia flotasio: maji, hewa, na dawa inayovalisha ilmeniti ngozi isiyopenda maji, ili ishikane na povu na kupanda.

Dawa ya bei nafuu ni asidi ya mafuta, ndugu ya sabuni. Inashika ilmeniti vizuri. Shida ni kwamba mawe ya bure pale yana kalsiamu na magnesiamu, nazo inazishika vilevile. Vyote vinapanda pamoja.

Sisi wa Katanga tunaijua hii. Kolwezi walitumia mafuta ya mawese kuinua malakiti kwenye mawe ya silika. Kwenye dolomiti hayakufaa, juu dolomiti nayo ni kalsiamu na magnesiamu. Huko walipitia njia ya salfidi kwanza, kisha ksantati.

Kwa ilmeniti, wanakemia walileta asidi hidroksamiki: oksijeni zake mbili zinabana chuma na titani kama koleo, lakini kalsiamu inashikwa kidogo tu. Asidi ya stireni fosfoniki nayo inachagua vizuri, ila bei iko juu. Wengine wanaongeza nitrati ya risasi ili hidroksamiki ishike zaidi. Inafanya kazi kweli, lakini risasi ni sumu, na maji ya usini lazima yaende mahali.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta somo la memware, usiishie kwenye asilimia iliyopanda. Uliza mambo matatu: dawa inaacha nini chini? Inagharimu ngapi kwa tani moja ya mawe? Na maji yakitoka usini, ni nani anayachota?

Kwangu hilo la tatu linapaswa kuulizwa mu labo, mbele ya jaribio la kwanza. Nyinyi munaonaje?