Wafu Wasiojitambulisha: Juan Rulfo na Msomaji wa Pedro Páramo

Hadithi za mizimu zina maradhi yake ya kawaida. Mwandishi akishamtoa mfu kaburini, aghalabu huingiwa na hofu kwamba msomaji hatamtambua. Basi humvika sanda, humzungushia baridi na popo, kisha humtafuta mzee fulani wa kijiji aeleze mfu huyo alikufaje na sasa anataka nini. Msomaji hutishika kwa kurasa mbili tatu, na baada ya hapo hushikwa mkono kama kipofu hadi mwisho. Riwaya ya Pedro Páramo, iliyoandikwa kwa Kihispania na Juan Rulfo wa Meksiko na kutolewa mwaka 1955, imeepukana na yote hayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi riwaya hiyo inavyomwamini msomaji, na kwa nini imani hiyo ndiyo chanzo cha raha ya kuisoma.

Kitabu chenyewe ni kidogo, nacho kimekatwakatwa katika vipande vifupi visivyo na namba wala vichwa. Asiyekisoma bado angefanya vema kukisoma kwanza, maana haiwezekani kueleza ufundi wake bila kufichua siri zake. Kwa Kiingereza kilifasiriwa na Lysander Kemp mwaka 1959, na tena na Margaret Sayers Peden mwaka 1994.

Juan Preciado anakwenda kijiji cha Comala kwa kutii wosia wa mama yake, Dolores, aliyemtaka akamdai baba yake, Pedro Páramo, haki waliyonyimwa. Njiani, katika joto la Agosti, anakutana na mswaga punda aitwaye Abundio. Abundio anamwambia kwamba yeye pia ni mwana wa Pedro Páramo, kwamba Pedro Páramo alikwisha kufa miaka mingi iliyopita, na kwamba akamtafute bibi mmoja, Eduviges Dyada, ikiwa bado yu hai. Eduviges anampokea kama mgeni aliyetarajiwa, kwa sababu mama wa kijana amempasha habari siku hiyo hiyo. Juan anajibu kwamba mama yake amekufa. Bibi hashtuki, anaona kwamba ndiyo maana sauti ilikuwa hafifu vile. Baadaye mazungumzo yanamgeukia Abundio. Eduviges anamkumbuka Abundio aliyeharibiwa masikio na fataki, hali Juan asema yule aliyemleta alisikia vizuri kabisa. Basi siye, asema bibi. Tena Abundio alikwisha kufa. Kisha wanaendelea na mengine.

Mahali hapa pastahili kusomwa polepole. Hakuna aliyetamka neno mzimu, wala Juan hasisimki mwili. Kilichowekwa mbele ya msomaji ni ushahidi tu, tena mdogo: kiziwi anayesikia, na sauti ya mama iliyofika baada ya mwenyewe kuzikwa. Anayesoma kwa haraka atapita. Anayesimama atajiuliza kama mauti ndiyo yaliyomrudishia Abundio masikio yake, na akishajiuliza hilo hawezi tena kumtazama mwenyeji wa Juan kwa jicho lile la kwanza. Shaka yake haikosi malipo. Damiana Cisneros anakuja kumchukua Juan, naye anasema kwamba yaelekea Eduviges bado anatangatanga kwa mateso. Halafu Juan anamwuliza Damiana mwenyewe kama yu hai, na papo hapo anajikuta peke yake katika barabara tupu.

Pigo kubwa zaidi linakuja karibu na katikati. Juan anakufa usiku akitafuta hewa ya kuvuta, na ndipo inapobainika kwamba maneno yake yote tangu ukurasa wa kwanza yalikuwa yakisemwa kaburini, kwa Dorotea, mwanamke aliyezikwa pamoja naye. Msomaji alidhani anamfuata mtu hai miongoni mwa wafu, kumbe tangu mwanzo alikuwa akisikiliza mazungumzo ya wafu wawili. Hata hapa Rulfo hatoi tangazo. Dorotea anaanza kubishana na Juan juu ya kilichomwua, kama majirani wabishanavyo kuhusu mvua.

Anayejaribu kuviwaza vipande hivi kwa Kiswahili hukutana mara moja na tatizo la kuvutia. Adabu ya lugha hii haipendi jina la mfu litajwe likiwa tupu. Hutangulizwa neno marehemu. Neno hilo moja likimponyoka mfasiri mapema mno, riwaya imeharibika. Likikosekana kabisa, msikilizaji wa Kiswahili atahisi upungufu wa heshima na kutafuta sababu yake. Na sababu, akiifikia, ni kwamba wafu hawaitani marehemu. Upatanisho wa sarufi nao una mtego. Mfasiri akiandika 'mzimu huu' amemfanya kitu, akiandika 'mzimu huyu' amemfanya mtu, na vyovyote atakavyochagua amekwisha kumwamulia msomaji jambo ambalo mwandishi alitaka aliamue mwenyewe. Salama yake ni kufanya kama Rulfo: kuyataja majina na kunyamaza.

Hata hivyo, kutambua nani yu hai na nani amekufa ni sehemu ndogo ya kazi aliyoachiwa msomaji. Katika vipande vinavyosimulia Comala ya zamani yumo padre Rentería. Miguel, mwana wa Pedro Páramo, anadhaniwa kumwua ndugu wa padre na kumnajisi binti wa ndugu huyo. Miguel anapokufa kwa kuanguka na farasi, padre anakataa kumbariki. Baba yake anaacha sarafu za dhahabu, na padre anazichukua. Mahali pengine dada yake Eduviges anamwomba padre huyo huyo amwombee marehemu, aliyejiua baada ya maisha ya kuwapa watu kila alichokuwa nacho. Padre anataja misa ambazo huenda zingemsaidia, lakini misa hizo zina gharama, na dada mtu ni maskini.  Ni msomaji anayekumbuka yule bibi mpole aliyempokea Juan usiku, na kutambua kwamba anatangatanga kwa sababu ya ada isiyolipwa. Hapo mzimu huacha kuwa kitisho na kuwa shitaka, na aliyeliandika shitaka hilo ni msomaji.

Rulfo, aliyezaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Jalisco na kufariki mwaka 1986, hakuhitaji kubuni ukatili huo wote. Baba yake aliuawa mwaka 1923, na utoto wake uliangukia miaka ya vita vya Wakristero, vya 1926 hadi 1929.

Si wote walioipokea riwaya hii kwa furaha. Mshairi Alí Chumacero aliihakiki mwaka ule ule wa 1955 na kuilaumu kwa kukosa kiini cha kuunganisha sehemu zake. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa maana wapo waandishi wanaoficha mambo kwa sababu hawana la kusema, kisha wakalaumu uvivu wa msomaji. Tofauti hupimwa kwa kurudia. Kitabu kilichovurugika huwa kigumu vile vile mara ya pili, lakini hiki, kisomwapo tena, kila kipande hupata mahali pake. Gabriel García Márquez, aliyepewa kitabu hiki mwaka 1961, aliandika kwamba hakulala usiku ule mpaka alipokimaliza mara mbili. Katika fasihi ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla alimheshimu msomaji kwa njia nyingine katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960): dalili zimetawanywa kwa haki, lakini mwishoni Bwana Msa huzikusanya na kutoa jawabu la kibinadamu. Comala haina Bwana Msa.

Ndiyo maana ukurasa wa mwisho humrudisha msomaji kwenye ule wa kwanza. Abundio, mkewe amekufa, amelewa, anakwenda kwa Pedro Páramo kuomba msaada wa mazishi. Damiana anapiga kelele kwamba bwana anauawa. Watu wanakuja, wanamkuta Damiana chini na kisu chenye damu mkononi mwa Abundio; wanamwuliza mzee kama amedhurika, naye anatikisa kichwa tu. Nani amechomwa, hakuna anayesema. Baadaye mzee anaanguka na kusambaratika kama chungu ya mawe. Na yule mswaga punda, alipomwambia Juan njiani kwamba Pedro Páramo alikwisha kufa miaka mingi, hakueleza aliyajuaje hayo.