Mtoto Mzito wa Kusoma Si Kichwa Maji

Watoto wawili wa nyumba moja wameingia darasa la kwanza. Mmoja asoma vizuri kabla ya mwaka kwisha. Mwenzake herufi bado zamchanganya. Mara utasikia mzazi akisema, "Huyu kichwa maji!" Maneno hayo si ya haki. Sikiliza kwa nini.

Katika ubongo wa mtu mzima mna chembe za fahamu karibu bilioni 86, zinazopelekeana habari kwa nyuzi nyembamba mno. Zifananishe nyuzi hizo na njia za miguu kijijini. Njia kubwa zafanana kwa wanadamu wote, lakini vichochoro vyake hutofautiana mtu na mtu, hata kwa pacha.

Je, njia hizo zahusianaje na kazi ya ubongo? Mwaka 2016 mtaalamu Zeynep Saygin na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za watoto waliowapima kwa mashine ya sumaku, pasipo kuwapasua. Waliwapima wakiwa na umri wa miaka 5, hawajajua kusoma, na tena wakiwa na miaka 8. Kwa mtu ajuaye kusoma, kipande kidogo cha ubongo, nyuma upande wa kushoto, hushughulika aonapo maandishi. Kwa wale wa miaka 5 kipande hicho kilikuwa bado hakijali herufi. Hata hivyo, kwa kutazama njia za kila mtoto, wataalamu waliweza kutambua mahali ambapo kazi ya kusoma ingekuja kukaa katika ubongo wake yeye.

Ndivyo soko linavyoanza penye njia panda. Lakini pasipo watu na mizigo, njia panda huota majani tu. Soko hili laletwa na mafundisho na mazoezi.

Wala usiseme, "Mimi nimezeeka." Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walieleza habari za watu wazima wa Brazil na Ureno. Kwa wale waliojifunza kusoma ukubwani, kipande kilekile kilishughulika mbele ya maandishi.

Basi, wazazi, msimpige mtoto mzito wala msimcheke. Mwulizeni mwalimu wake. Apimwe macho na masikio. Kila jioni asome kwa sauti, japo robo saa. Na mama asiyejua kusoma aketi karibu naye, wajifunze pamoja.