Picha Bila Jina ni Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwafunzia wafanyabiashara na waweka hazina wa vyama. Leo naomba, msomaji mpenzi, uniruhusu niihamishie kwenye sanduku la picha.

Sanduku lenyewe ni la bati. Lilikaa miaka mingi chini ya kitanda cha marehemu mama yangu mjini Voi. Ndani yake mna picha moja isiyokuwa na rangi, iliyopigwa ufukweni mwa Ziwa Jipe, upande wa Taveta alikozaliwa mama. Watu tisa wamesimama kando ya mtumbwi. Mbele yao pana kapu la samaki. Nyuma yao ni matete, maji, na kwa mbali milima ya Upare iliyoko Tanzania. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli: "Jipe, 1971". Basi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea mama mkubwa picha hiyo. Aliitazama kwa muda, akacheka, kisha akaanza kuwataja waliomo mmoja mmoja: nani alikuwa mwana wa nani, nani alichonga mtumbwi, nani alihamia Voi kufanya kazi ya reli asirudi tena. Alipomaliza watu akageukia matete. Mimi niliona matete tu. Yeye aliona aina tatu, kila moja na jina lake kwa Kitaveta: la kuezekea, la kusukia na lisilofaa kitu. Nilisikiliza kwa furaha, nikanywa chai, nikaahidi kurudi likizo iliyofuata na kinasa sauti.

Likizo hiyo nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Iliyofuata nilikuwa na kongamano. Safari ya tatu nilikwenda kumzika.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu mimi ni mwanaisimu. Nimetembea vijiji vya watu wengine nikiwauliza wazee majina ya miti na ndege, nikalipwa kwa kazi hiyo na hata kutunukiwa shahada ya uzamifu. Nyumbani kwetu sikuandika hata neno moja. Kati ya watu tisa wa picha ile, leo naweza kuwataja wawili tu.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba picha ya wavuvi si jambo kubwa. Hebu tuitazame Taita Taveta kama ulimwengu unavyoijua kwa picha. Mnamo 1898, daraja la reli lilipokuwa likijengwa Tsavo, simba wawili waliwaua wafanyakazi, wengi wao wakiwa wametoka Bara Hindi. Mhandisi J. H. Patterson aliwapiga risasi simba hao, na mwaka 1907 akachapisha kitabu chenye picha. Ngozi zao zilinunuliwa mwaka 1924 na jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na huko wamehifadhiwa hadi leo. Simba wale wana kumbukumbu iliyotunzwa; wengi wa waliowapoteza ndugu zao hawana. Hata samaki mmoja wa jamii ya perege amepewa na wanasayansi jina la Ziwa Jipe lenyewe. Mvuvi aliyemvua hajulikani.

Aidha, ziwa lile si lile la 1971. Magugu yamesonga mbele na kufunika sehemu kubwa ya maji. Picha yatuonyesha yalikofika maji zamani, lakini picha haina ulimi. Anayeisemesha ni mzee, naye huisemesha kwa lugha yake. Kitaveta, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kipare, kina wasemaji wachache, kama kilivyo Kisagalla kule karibu na Voi. Mzee akiondoka, picha hubaki bubu, na neno alilolijua huondoka naye.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Ni jambo jema. Hata hivyo, serikali haitakuja kufungua sanduku lililo chini ya kitanda cha bibi yako.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu: likizo hii msiwape wanafunzi insha kuhusu safari ya kubuni. Kila mmoja aazime picha moja ya nyumbani, aketi na mzee, aandike majina ya watu, ya mahali na ya vitu, kwa lugha ya mzee mwenyewe kwanza, kisha kwa Kiswahili. Nawe mwanafunzi, usingoje kinasa sauti. Kalamu yatosha.

Mimi ningali na picha ile. Nyuma yake nimeyaandika majina mawili. Pamebaki nafasi ya saba.