Kweli au Uongo? Maneno ya Kijiweni Kuhusu Baiskeli ya Masafa

Waambie watu kwamba Jumamosi unakwenda Bagamoyo kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 65, kisha kaa usikilize. Fundi ana lake, shemeji ana lake, mzee wa kijiwe cha kahawa ana lake. Mengi nina hakika umeshayasikia. Baadhi ni ya kweli, tena yalijulikana kabla maabara hazijayathibitisha. Baadhi ya yale ya uongo yana mzizi mmoja: imani kwamba anayeteseka zaidi ndiye anayejijenga zaidi. Imani hiyo inawakatisha tamaa wanaoanza, wakaitundika baiskeli kabla hawajaonja raha ya kilomita ya 50. Basi tuyapime.

"Polepole ndio mwendo."

Kweli, tena kuliko wengi wanavyodhani. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alichunguza ratiba za wanamichezo mahiri wa ustahimilivu: wapiga makasia, wakimbiaji, waendesha baiskeli. Akakuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi, na yaliyobaki ndiyo makali. Mwendo mwepesi huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, huuzoesha mwili kutumia mafuta badala ya kumaliza akiba yake ya sukari, na hukuachia nguvu ya kurudi barabarani keshokutwa. Anayeanza hufanya kinyume. Kila akitoka anahema, na baada ya mwezi amechoka bila kusonga mbele.

Kipimo chake hakihitaji saa ya bei kubwa. Zungumza. Ukiweza kumaliza sentensi ndefu bila pumzi kukatika, uko sawa. Maneno yakianza kutoka mawili mawili, punguza. Toka mara tatu kwa wiki, mojawapo iwe safari ndefu, na hiyo ndefu uiongeze kidogo kidogo: ukizoea kilomita 30 nenda 35, usirukie 60. Kila baada ya wiki tatu au nne punguza, ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Na siku moja katika wiki tafuta kilima ukipande kwa nguvu, dakika chache chache, ukipumzika kati yake. Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya makali, na inatosha.

"Ukishavuka miaka 40 umechelewa."

Uongo. Mfaransa Robert Marchand alirudi kwenye baiskeli akiwa ameshavuka miaka 60. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 ndani ya saa moja. Akajiweka chini ya mwanafiziolojia Véronique Billat, na miaka miwili baadaye akarudi akaendesha kilomita 26.927. Soma tena: aliongeza mwendo baada ya kutimiza karne. Vipimo vya Billat vilionyesha kwamba kati ya miaka 101 na 103, uwezo wa mwili wa Marchand kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 13. Na ratiba aliyopewa ilikuwa ile ile tuliyoisema hapo juu, asilimia 80 mwendo mwepesi na 20 mkali. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, hilo halina mjadala. Lakini umri peke yake si sababu.

"Nyonga gia nzito, ndiyo inayojenga miguu."

Uongo, na magoti ndiyo yanayolipa. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapa watu kazi nzito kiasi kile kile, mara moja kwa mizunguko 50 ya pedeli kwa dakika na mara nyingine kwa mizunguko 100. Kwenye ile 50, nyuzi za misuli zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka haraka zilimaliza akiba yake zaidi. Maana yake, gia nzito inakopa nguvu utakazozihitaji mlimani mwisho wa safari. Kwa anayeanza, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika ni lengo zuri. Hesabu goti la kulia likipanda kwa sekunde 15: likifika mara 20 au zaidi kidogo, umepata. Unapokaribia mwinuko, badilisha gia kabla cheni haijaelemewa. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto akiwa kwenye gia nzito tangu kona ya kwanza atajua kabla hajafika mbali.

"Kiti kiwe chini, miguu iguse ardhi."

Uongo. Ni raha kwenye taa za barabarani na adhabu kila mahali pengine. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Ukisimama, shuka kitini na usimame mbele yake. Ujuzi huo unafunzwa uwanjani kwa nusu saa, nao huokoa magoti kwa miaka.

"Shiba kabla ya kuondoka, njiani usile."

Uongo, na huu ndio unaowaangusha wengi zaidi. Akiba ya wanga mwilini, iliyoko kwenye misuli na ini, ni kama gramu 500 hivi. Ukikaza mwendo, saa moja na nusu hadi mbili zinatosha kuimaliza karibu yote, hata kama asubuhi ulikula ugali wa kutosha watu wawili. Ikiisha, miguu inageuka mizito, kichwa kinazunguka, hasira zinakuja bila sababu. Wengi hudhani hawana mazoezi, kumbe hawana chakula.

Kwa safari inayozidi saa moja na nusu, wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25, kwa hiyo mbili kwa saa zinatosha. Tende zinafaa sana: ni tamu, haziharibiki kwa joto, na zinaingia mfukoni. Viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi kidogo, kashata, vyote ni chakula cha safari kamili, na mtu hana haja ya kununua pakiti za nje zenye bei ya mlo wa familia. La msingi ni kuanza ndani ya saa ya kwanza, kidogo kidogo, kabla njaa haijakukuta.

"Usinywe maji baridi ukiwa na jasho."

Uongo, ingawa hapa kuna hazina ya hekima iliyofichika. Wasemao hivyo huhofia nimonia, lakini nimonia husababishwa na vijidudu, si barafu. Na mwaka 2008 watafiti wa Uingereza waliwaweka wanaume 8 kwenye baiskeli katika joto la nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 60, hali ambayo mtu wa pwani anaijua vizuri. Walipokunywa kinywaji cha nyuzi 4 waliendelea kwa wastani wa dakika 64 kabla ya kushindwa; walipokunywa cha vuguvugu la mwili, dakika 52. Baridi ilipunguza joto la ndani na mapigo ya moyo.

Na wazee wanaosema chai ya moto hupoza mwili? Wana haki yao. Mwaka 2012 watafiti wa Ottawa, Kanada, waligundua kwamba kinywaji cha nyuzi 50 kilimfanya mwendeshaji atokwe jasho zaidi, na jasho hilo lilipokauka liliondoa joto zaidi kuliko lile lililoingia na kinywaji. Sharti ni moja: hewa iwe kavu, jasho likauke badala ya kudondoka. Dodoma wakati wa kiangazi, mzee ameshinda. Tanga mwezi wa Februari, jasho linachuruzika tu, kwa hiyo chukua maji baridi.

"Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo."

Si kweli. Kunywa kadiri ya kiu. Kwenye mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu, hasa wale waliokunywa hadi wakaongezeka uzito wakiwa mbioni. Hali hiyo inaweza kuua. Kama una mizani nyumbani, jipime kabla na baada ya safari. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umezidisha.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi iliyoganda miguuni."

Uongo. Asidi hiyo, laktiki, huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya siku ya pili ni michubuko midogo sana ya misuli inayojitengeneza. Kujinyoosha, kwa ushahidi uliokusanywa mpaka sasa, hakuyapunguzi kwa kiasi cha maana. Nyosha kama unapenda.

"Baiskeli humaliza nguvu za kiume."

Si kweli, lakini kuna jambo la kusikiliza. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014, wa wanaume 5,282 wanaoendesha baiskeli, haukukuta uhusiano kati ya saa za kuendesha na kushindwa tendo la ndoa au ugumba. Ganzi, hata hivyo, ni ya kweli: kiti kikibana mishipa na neva za kati ya mapaja, sehemu hiyo hufa ganzi. Usiivumilie kama ishara ya ushujaa. Inuka kitini kila dakika chache, kiweke kiti sawa bila pua yake kutazama juu, na kama ganzi inarudi kila safari, badilisha kiti.

"Msichana akipanda baiskeli atapoteza ubikira."

Uongo, na ni uongo wenye madhara, maana umewanyima wasichana wengi shule ya mbali, kazi na mchezo. Utando unaohusishwa na ubikira hutofautiana sana kati ya mtu na mtu tangu kuzaliwa, na hakuna daktari anayeweza kuutazama akasema kama mwenye nao amewahi kujamiiana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe, kwa kuwa havina msingi wa kisayansi. Kama kweli unamjali binti anayeanza, angalia upana wa kiti, kwa kuwa mifupa ya kukalia ya wanawake kwa kawaida imeachana zaidi, na kiti chembamba kitamuumiza. Kisha kagua breki, umfungie taa ya nyuma, umfundishe kuziba pancha mwenyewe.