Mji na Hatari Yake: Kusadikika kwa Makao ya Kubuni kwa Mifano ya Mto Tana

Utangulizi

Shaaban Robert alipoitoa riwaya yake mwaka 1951, nchi yake ya angani aliiita Kusadikika. Jina hilo lina kejeli ndani yake, maana nchi isiyogusa ardhi ndiyo iliyopewa jina la kuaminika. Msomaji huikubali kwa kuwa ni mfano, na shabaha ya mfano huo ni sheria na haki; hamuulizi mtunzi raia wake wanalima wapi. Lakini ziko kazi nyingine za kubuni ambamo swali hilo haliepukiki. Mojawapo ni ule mchezo ambao wachezaji hujitwalia nafasi za wahusika na kuiendeleza hadithi pamoja kwa mazungumzo; mfano wake mashuhuri, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Katika michezo ya aina hii aghalabu nyika imejaa mazimwi, na katikati ya nyika hiyo pana kijiji kilichotulia. Mchezaji aweza kuuliza wakati wowote: watu hawa hula nini, na kwa nini wao wenyewe hawajaliwa? Mtunzi asiye na jibu amekwisha kuupoteza mji wake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu halimo katika urefu wa ukuta. Mji wa kubuni husadikika pale hatari iuzungukayo inapokuwa na nafasi yake katika maisha ya kila siku ya mji. Mifano yetu tutaitoa Tana ya chini, kati ya Garsen na Kipini, ambako historia na ngano zimekaa pamoja tangu zamani.

Mto ulishao na uuao

Swali la kwanza ni hili: kwa nini watu wakae mahali pa hatari? Wapokomo wamejenga vijiji vyao kandokando ya mto wenye mamba na viboko, mto ambao hufurika. Hata hivyo, mafuriko hayo ndiyo yaletayo tope la rutuba. Maji yakipungua, mpunga na mahindi hupandwa katika ardhi iliyolowa, na maziwa ya kando ya mto hupata samaki. Basi hatari na riziki ni kitu kimoja, na mkulima hawezi kuikimbia ya kwanza asiipoteze ya pili. Katika jambo hili ndimo mtunzi apatapo sura ya mji wake: nyumba zitakuwa juu ya kingo zilizoinuka, mtumbwi hautakuwa mbali, na shambani patakuwa na dungu la kuwalindia wanyama na ndege.

Mto nao hautulii mahali pamoja. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belazoni ili kuunganisha Tana na mto Ozi. Baadaye maji ya Tana yenyewe yakaifuata njia hiyo hadi Kipini. Katika karne ya 20 mabwawa ya umeme yalijengwa huko juu, Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981 yakiwa miongoni mwake, na mwendo wa mafuriko ukabadilika. Makao yasiyo na kumbukumbu ya mabadiliko kama haya hufanana na picha iliyotundikwa ukutani.

Kisima cha Liyongo

Ngano za Fumo Liyongo, shujaa wa nchi ya Ozi na Shaka, zatupa somo la pili. Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utendi mwaka 1913. Liyongo si mtu wa kawaida: ana kimo cha kutisha, na silaha haimwui ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mtoto wake mwenyewe anamchoma usingizini. Liyongo anaamka, anatwaa upinde wake, anakwenda kisimani na kupiga goti hali ameutia mshale. Anakufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na hakuna athubutuye kwenda kuteka maji. Mji unashikwa na kiu mpaka mama yake anapoletwa kumbembeleza.

Twaona hapa kwamba mtambaji hakueleza ukuta wala idadi ya askari. Ametaja kisima, basi, na kwa kisima hicho mji wote umekuwepo: una watekaji wa maji, una njia itokayo nje, una kitu kimoja usichoweza kukikosa. Jambo lisilowezekana, yaani maiti aliyeuzingira mji, limesadikika kwa kuwa limegusa jambo la lazima.

Mapatano na adui

Somo la tatu ni zito zaidi. Katika utendi huohuo Wagala huja Pate kutafuta chakula, na Liyongo anaozwa kwao. Wale wa nyika waogopwao ni wateja na wakwe pia. Watu wa pwani wana methali isemayo: Mgala muue na haki yake mpe. Jina hilo Waorma wenyewe hawalipendi, lakini methali imebeba mambo mawili kwa pamoja, uadui na haki, bila ya kulifuta hata moja.

Katika Tana haki hiyo ina umbo linaloonekana. Kiangazi kikikaza, wafugaji huteremsha ng'ombe kwenda mtoni kwa kupitia malka, yaani njia za mifugo zipitazo baina ya mashamba. Wazee wa pande mbili walikuwa na desturi ya kupatana juu ya njia hizo. Malka ikilimwa, au ng'ombe wakiingia shambani, ugomvi huanza. Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto, na mwezi uliofuata damu ikamwagika Kilelengwani.

Hitimisho

Kwa hiyo mtunzi aijazaye nyika mazimwi matupu hakosei katika sanaa peke yake. Anamfundisha msomaji kwamba aishiye ng'ambo ya shamba hana kiu wala wazee wa kusema nao, na katika nchi kama Tana funzo hilo limekwisha kugharimu roho za watu. Mji wa kubuni na uwe na mto wake wa kuogopwa na kisima chake kisichokosekana. Lakini pia uwe na malka yake, na mtu wa kuulizwa ni nani aliyeifunga.