Umeumizwa njiani: faini ni ya Serikali, fidia ni yako



Tukisikia neno fidia, wengi wetu tunafikiri kwanza mambo ya vita. Si ajabu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliamuru Uganda ilipe inchi yetu dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Mwaka uleule, tarehe 26 Desemba, ilitolewa sheria iliyoweka msingi wa FONAREV, mfuko wa kuwasaidia waliotendewa jeuri za kingono katika vita na wahanga wa makosa makubwa mengine. Hayo tutayaandika siku nyingine. Leo tunataka kusema juu ya maumivu ambayo hayatoki kwenye bunduki: pikipiki iliyomgonga mtu sokoni, ukuta wa jirani ulioangukia watoto wakati wa mvua, mbwa aliyeuma, ng'ombe aliyempiga mtu pembe katika njia ya shamba.

Mtu atauliza: jambo hili linahusu nini kazi ya amani? Tuchukue mfano.

Mama mmoja anauza ndakala pembeni ya barabara, Kalemie. Pikipiki inayobeba abiria inaacha njia, inamgonga, mguu unavunjika. Kijana anayeiendesha ni wa kabila lingine. Katika dakika chache vijana wa avenue ya mama wanatafuta petroli ili wachome pikipiki. Wamotari wenzake nao wanafika kwa wingi, wakipiga honi. Polisi wanachukua kijana na pikipiki. Kesho yake jamaa ya kijana wanalipa feza kwa polisi, anatoka, pikipiki inatoka, na jioni anaonekana akibeba watu kama kawaida. Mama yuko hospitali, hajapata hata franka ya dawa, na hataweza kubeba beseni kwa miezi. Jamaa yake wanasema: «Wametuuza. Hawa watu siku zote wanalindwa.» Hapo neno si mguu tena. Ni «wao» na «sisi».

Hasira ile inatoka kwa sehemu kubwa katika kuchanganya vitu viwili, faini na fidia.

Faini na fidia si kitu kimoja

Anayemwumiza mwenzake kwa uzembe, hata kama hakukusudia, ametenda kosa mbele ya sheria ya makosa ya jinai. Kifungu cha 52 cha sheria hiyo kinasema juu ya yule anayeleta madhara kwa kukosa kuona mbele au kwa kukosa uangalifu. Kama mtu ameumizwa tu, adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka mmoja, na faini. Kama amekufa, ni miezi 3 mpaka miaka 2. Kwa makosa mengi ya namna hii OPJ au parke wanaweza kumtaka mkosaji alipe faini ili kesi ya jinai iishie pale. Feza hizo ni za Serikali. Zinapaswa kuingia katika hazina yake, na anayelipa apewe karatasi. Hazimhusu aliyeumia, na kulipwa kwake hakufuti haki ya mama yule.

Haki yake inatoka mahali pengine: katika kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, yaani ile amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na wajibu, ambayo ingali inatumika mpaka leo. Kifungu cha 258 kinasema kwa ufupi kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimisha yule mwenye kosa kuitengeneza hasara hiyo. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Kwa hiyo kijana anaweza kumaliza mambo yake na Serikali na bado akawa na deni kwa mama. Ni milango miwili. Jamaa wengi wanabisha kwenye mmoja tu, wanangoja mkosaji akae kasho muda mrefu, na wanadhani huko ndiko kulipwa. Lakini Katiba, kifungu cha 18, inasema kuzuiliwa kwa polisi kusipite saa 48, na mtu aliyefungwa halipi hospitali.

Nani analipa?

Hapa ndipo watu wanapoteza haki zao kuliko mahali pengine, kwa sababu wanamtazama tu yule waliyemwona na macho. Wamotari wengi hawana pikipiki yao. Wanaendesha ya tajiri fulani na wanamletea hesabu kila jioni. Kifungu cha 260 kinasema mtu hawajibiki tu kwa tendo lake mwenyewe, bali pia kwa watu walio chini yake na kwa vitu anavyovilinda. Bwana wa kazi anawajibika kwa yule aliyemtuma, katika kazi aliyomtuma. Baba na mama wanawajibika kwa mtoto mdogo anayeishi nao. Mwalimu kwa wanafunzi, wakati wako chini ya ulinzi wake. Basi mwite mwenye pikipiki pia. Akisema «mimi sikuwepo», hilo peke yake halimtoi.

Vilevile kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinapaswa kuwa na bima, ile tunayoita asiransi, ya kuwalipa watu wengine kinaowaumiza. Sheria inalazimisha hivyo. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua kazi hiyo kwa makampuni mengine, kwa hiyo usiende SONAS tu kwa mazoea: uliza kwanza karatasi ya bima imetolewa na nani na inamalizika lini. Tunajua vizuri kwamba pikipiki nyingi hazina bima yoyote. Lakini lori, basi na gari za mashirika (ndiyo, hata mashirika kama yetu) mara nyingi zinayo, na jamaa maskini wanakubali dola chache palepale barabarani bila kuuliza karatasi.

Ng'ombe na mbwa wana kifungu chao, cha 261: mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika hata kama mnyama alipotea au alikata kamba. Katika sehemu ambapo wafugaji na wakulima wanatazamana vibaya, kifungu hiki kinafaa kujulikana na pande zote mbili, maana kinamtafuta mwenye ng'ombe yule, hakitafuti kabila la wafugaji. Cha 262 ni cha nyumba iliyoanguka kwa kukosa kutunzwa au kwa kujengwa vibaya. Na aliyeumia kazini, mwenye mkataba, njia yake ya kwanza ni CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS. Aangalie kwamba bwana wa kazi ametangaza ajali.

Karatasi za siku za kwanza

Fidia haitolewi kwa machozi. Inatolewa kwa ushuhuda. Wakati aliyeumia anapelekwa kwa munganga, ndugu mmoja abaki mahali pa ajali. Aandike nambari ya plake, saa, majina na simu za watu wawili au watatu waliona, na kama wamo wa upande ule mwingine ni bora zaidi. Leo karibu kila mtu ana simu yenye kupiga picha: piga picha ya pikipiki kabla haijasogezwa. Polisi wa barabara waombwe kufanya PV. Hospitalini, omba sertifika ya munganga inayosema jeraha ni gani na siku ngapi mtu hataweza kufanya kazi. Tunza kila fakture na kila risiti, hata ya bandeji na ya usafiri.

Mama muuza ndakala atasema: mimi sina mshahara, nitaonyesha nini? Ana daftari la likelemba, ana majirani wa soko wanaojua anauza beseni ngapi kwa juma, ana tajiri anayemkopesha samaki. Hao ni mashahidi wa faida aliyopoteza. Maana fidia si dawa tu: ni matibabu yaliyolipwa na yatakayokuja, ni kazi iliyosimama, ni kilema kitakachobaki, ni maumivu yenyewe. Upande wa pili hakimu anatazama pia kosa la aliyeumia. Kama alivuka barabara bila kuangalia, au alikubali kupanda akiwa mtu wa nne juu ya pikipiki moja, kiasi kinaweza kupunguzwa.

Kusikilizana nyumbani

Ukweli ni kwamba kesi nyingi za namna hii haziendi tribinali. Zinamalizwa mbele ya shefu wa kartie, mzee wa kijiji, pasteri, au kamati ya amani, na sisi tunaona hilo ni jema, kwa sababu watu wataendelea kuchota maji kwenye kisima kimoja. Sheria nayo inakubali: mnaweza kupatana juu ya hasara iliyotoka katika kosa, ingawa parke inabaki na uwezo wake wa kufuata kosa lenyewe.

Lakini upatanisho wa haraka unaumiza. Mapatano yaliyotiwa sahihi yana nguvu kati ya pande mbili kama hukumu iliyokwisha, na ni vigumu sana kuyarudia. Mtu anayetia kidole kwenye karatasi siku ya tatu, mguu ungali umevimba, anaweza kugundua mwezi wa tatu kwamba mfupa umeunga vibaya na mlango ameshaufunga mwenyewe. Kwa hiyo siku za kwanza pokea feza za matibabu, ndiyo, lakini karatasi iseme wazi kwamba ni sehemu ya kwanza tu na kwamba hesabu yote itafanywa munganga akishasema hali ya mwisho. Karatasi isomwe kwa sauti katika lugha ambayo aliyeumia anaisikia. Iseme kiasi, tarehe za kulipa, na nani atalipa kijana akikimbilia mji mwingine. Wamotari wanaposimama pamoja katika ushirika wao, ushirika unaweza kutia sahihi kama mdhamini. Mashahidi watoke pande zote mbili.

Na aliyeumia mwenyewe awepo. Tumeona mara nyingi wajomba wakipatana kwa mbuzi na katoni za bia, vinavyoliwa na kunywewa siku ileile, huku mama mwenye mguu hakuulizwa kitu. Huko si kupatana.

Kuna jambo moja ambalo halimalizwi hivi: jeuri za kingono. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inakataza kesi hizo zizimwe kwa kulipa faini, na mzee anayezipatanisha kwa mbuzi anamsaidia mkosaji.

Kama inabidi kwenda tribinali

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kungoja parke ipeleke kesi ya jinai, na aliyeumia aingie humo akiomba fidia yake; anafanya hivyo kwa kutangaza kwa karani wa tribinali au siku ya kusikilizwa. Ni njia nyepesi, kwa sababu kazi ya kuonyesha kosa inabebwa na parke. Lakini ina saa yake: kwa kosa la kuumiza bila kukusudia, ambalo adhabu yake haipiti mwaka mmoja, kesi ya jinai inakufa baada ya mwaka mmoja. Mtu akifa, ni miaka mitatu. Jamaa wanaozungushwa na ahadi za «kesho, kesho kutwa» wahesabu miezi.

Njia ya pili ni kushitaki kiraia moja kwa moja. Muda wake ni mrefu zaidi, lakini ni wewe unayebeba ushuhuda wote. Kama unachodai hakipiti franka 2.500.000, ni tribinali ya amani, ile inayoitwa tripaix. Kikipita hapo, ni Tribinali Kubwa.

Asiye na uwezo anaweza kuomba kwa burugumesta au kwa mkubwa wa teritwari karatasi ya umaskini, «certificat d'indigence», ili asilipishwe gharama za kufungua kesi. Kila chama cha maavoka kinapaswa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure. Usione haya kuingia humo. Ofisi hizo zimewekwa na sheria ya 1979, si sadaka ya mtu. Ujue pia kwamba kushinda si mwisho. Kuna haki ya Serikali inayokatwa kwa kadiri ya kiasi ulichopewa, na kuna kazi ya huissier wa kutekeleza hukumu. Uliza gharama hizo kwa avoka kabla ya kuanza, maana tumeona watu wenye hukumu nzuri iliyolala kabatini.

Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu neno moja. M23 ilipoingia katika miji hiyo, Januari na Februari 2025, tribinali za Serikali zilisimama. Aliyeumizwa wakati kama huo aandike tarehe, majina na mashahidi, achukue sertifika ya munganga, na aweke nakala mahali pawili, moja kwa ndugu anayeishi mbali. Mapatano ya maandishi mbele ya wazee wa pande mbili yanabaki mapatano hata pale ambapo hakuna hakimu.